Bunduki ya marehemu baba: ni mirathi au ni amana?

 

Ndugu msomaji, ipo mas'ala inayozikabili nyumba zetu nyingi lakini husemwa kwa kunong'ona. Mzee aliyewahi kuwa askari anafariki dunia. Anazikwa, khitma inasomwa, na baada ya siku chache wafiwa wanafungua sanduku lake. Ndani yake wanakuta sare iliyokunjwa vizuri, medali mbili tatu zenye utepe uliopauka, kitabu cha utumishi, barua na picha za wenzake wa kikosini. Wakati mwingine, chini ya vyote hivyo au juu darini, wanakuta bunduki.

Hapo ndipo watu huangaliana. Mtoto wa kwanza wa kiume husema bunduki ni yake, kwa kuwa yeye ndiye atakayesimama mahali pa baba. Mjane anataka kitu hicho kitoke nyumbani usiku huohuo. Mjomba anashauri kifukiwe shambani chini ya mchikichi. Kila mmoja ana hofu yake au tamaa yake, na mara chache hutokea mtu akauliza lile swali ambalo dini yetu inatutaka tulitangulize mbele ya kila mgawanyo: kitu hiki kilikuwa mali ya nani?

Kwa nini swali hili ni letu

Kwa watu wa Kigoma, Ujiji na ukanda wote wa Ziwa Tanganyika, jambo hili si la kufikirika. Ziwa letu limepitiwa na vita tangu enzi za babu zetu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma na Ujiji kutoka upande wa Kongo na kuwaondoa Wajerumani, na askari wa pande zote mbili kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles, na wengine wakafika hadi misitu ya Burma. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, Jeshi la Wananchi liliongezewa nguvu na mgambo kutoka mikoa mbalimbali, na vita vile vikaendelea hadi katikati ya mwaka 1979.

Kisha vikaja vita vya majirani: Burundi kuanzia mwaka 1993 na Kongo kuanzia mwaka 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu. Wakimbizi walio wengi walivuka wakiwa na watoto mgongoni na sufuria kichwani, na haifai kuwadhania vibaya. Lakini vita havikai jirani na mpaka miaka mingi bila silaha kuvuka. Wavuvi wetu wanajua maana ya maneno haya, wale waliovamiwa ziwani usiku na majambazi wenye bunduki, wakanyang'anywa injini na nyavu, na wengine wakapoteza maisha yao.

Kwa hiyo bunduki iliyo darini si siri ya familia moja. Siku ikitoka mikononi mwa wenye kumcha Mungu, ikauzwa kwa siri au ikaibwa, huenda ikaishia ziwani, na atakayeelekezewa ni mtoto wa Muislamu mwenzako aliyekwenda kutafuta dagaa.

Silaha yenyewe si haramu

Tusikosee hapa. Uislamu haukuitia najisi silaha. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W) alipofariki hakuacha dinari wala dirhamu, bali aliacha nyumbu wake mweupe, silaha zake na ardhi aliyokwisha kuitoa sadaka. Vilevile imepokewa kwamba deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa pishi thelathini za shayiri alizochukua kwa ajili ya chakula cha ahali zake. Naye Khalid bin Walid (R.A), shujaa aliyejulikana kwa upanga wake, alisifiwa na Mtume kwa kuzifanya deraya zake na zana zake za vita kuwa wakfu katika njia ya Mwenyezi Mungu.

Tazama mafunzo yaliyomo humo. Deraya ya mbora wa viumbe iliwekwa rehani ili watu wa nyumbani wale, na zana za shujaa mkubwa ziliondoka katika mali ya ukoo wake zikawa wakfu. Sahaba hawa hawakuona kwamba heshima ya mwanamume imefungwa katika chuma chake. Kwa hiyo kijana anayesema kwamba bila bunduki ya baba jina la baba litapotea, na alitafakari hilo.

Tena Mtume (S.A.W) aliweka adabu kali za silaha. Alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, kwa kuwa hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake. Alikataza mtu kumkabidhi mwenzake upanga ulio wazi. Aliamrisha anayepita msikitini na mishale azishike ncha zake ili asimjeruhi yeyote. Ikiwa ncha ya mshale iliwekewa adabu hiyo, itakuwaje bunduki yenye risasi iliyowekwa chini ya kitanda wanapochezea wajukuu?

Kilichokuwa cha Jeshi hakirithiwi

Sasa turudi kwenye swali la msingi. Bunduki zinazokutwa katika nyumba za marehemu ni za namna mbili, na hukumu zake hazifanani.

Namna ya kwanza ni silaha ya kivita: SMG, SAR, au ile Mark IV ya zamani iliyotoka katika ghala la Jeshi au kuokotwa vitani. Silaha hiyo marehemu alikabidhiwa aifanyie kazi, au aliichukua pasipo kukabidhiwa. Kwa vyovyote vile haikuwa mali yake. Wanazuoni wamekubaliana kwamba mirathi ni katika kile alichokimiliki maiti, na amana ya watu iliyomo nyumbani mwake hurudishwa kwa wenyewe kabla warithi hawajagawana hata sindano. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kwamba amana zirejeshwe kwa wanaostahiki.

Yupo atakayejibu: baba aliipigania nchi, akarudi na mguu mbovu na malipo madogo, basi bunduki hii ni fidia yake. Maneno haya yanagusa moyo, kwani ni kweli kwamba wapo wazee waliotoa mengi wakapata machache. Lakini Mtume (S.A.W) amelijibu hilo zamani. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud amefundisha kwamba aliyepewa kazi na akapangiwa ujira wake, anachokichukua zaidi ya ujira huo ni khiyana. Na katika safari ya kutoka Khaibar, mtumishi mmoja alipigwa na mshale akafa, watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume akawaambia kwamba sivyo, kwani shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamwakia moto. Waliposikia hayo, mtu mmoja alikuja na ukanda wa kiatu au kanda mbili akazirudisha.

Ndugu msomaji, yule alikuwa amekufa safarini pamoja na Mtume mwenyewe, na kilichomponza ni shuka. Itakuwaje bunduki? Mtoto anayempenda baba yake hawezi kuing'ang'ania kwa jina la kumuenzi. Kuirudisha ndiko kumtua baba mzigo, na ni wema wa mwisho anaoweza kumfanyia katika mali ya dunia.

Kilichokuwa chake kina wenyewe wengi

Namna ya pili ni bunduki aliyoinunua marehemu kwa mali yake na kuimiliki kwa leseni, kama vile bunduki ya kuwindia. Hii ni tirka, kama nyumba na shamba. Lakini hapa pia yapo makosa mawili yaliyozoeleka.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba leseni inarithiwa. Leseni hutolewa kwa mtu, haitolewi kwa ukoo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamtaka kila anayemiliki silaha awe na leseni yake mwenyewe. Mwenye leseni akifa, mtoto anayeendelea kuiweka bunduki nyumbani anakuwa na silaha isiyo na leseni, hata kama karatasi ya baba bado imetundikwa ukutani. Hukumu ni hiyohiyo kwa gobore la babu kule kijijini. Njia iliyo salama ni kutoa taarifa polisi ili silaha ihifadhiwe huko wakati warithi wanaamua, ama mmoja wao aombe leseni yake, ama iuzwe kwa mwenye kibali cha kununua.

Kosa la pili ni kudhani kwamba bunduki ni fungu la wanaume. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa imeweka wazi kwamba wanaume wana sehemu na wanawake wana sehemu katika walichokiacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Haikuvua kisu wala upanga wala bunduki. Kwa mfano, marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na wazazi wake wamekwisha kufariki. Bunduki ikauzwa kwa shilingi 800,000. Baada ya madeni na wasia, mjane ana thumni yake, yaani 100,000. Zinazobaki 700,000 zinagawanywa mafungu manne: mtoto wa kiume apate 350,000 na kila binti 175,000. Mtoto wa kiume akitaka yeye ndiye abaki na bunduki, na mamlaka zikampa leseni, basi ihesabiwe thamani yake katika fungu lake, na wenzake wafidiwe katika mali nyingine.

Je, kama baba alisema mbele ya watu kwamba bunduki hii ni ya mwanawe fulani? Wasia haumfai mrithi mpaka warithi wenzake waridhie, na kwa asiyekuwa mrithi hauvuki theluthi ya mali. Na ridhaa inayozingatiwa ni ya mtu mzima aliye huru. Dada aliyenyamaza kwa kumwogopa kaka yake hajaridhia. Mtoto ambaye hajabaleghe hawezi kusamehe, wala hakuna wa kumsamehea, kwani onyo la aya ya 10 ya sura hiyo juu ya wanaokula mali ya yatima linatosha kumtetemesha kila mwenye imani.

Medali, sare na karatasi

Baada ya bunduki, vinabaki vile vitu ambavyo sokoni havina bei kubwa lakini moyoni vina uzito. Hivi navyo vina utaratibu wake.

Sare na vifaa vya Jeshi si nguo za kurithi. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa muda wa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe. Basi yasigawiwe vijana kama kanzu za marehemu zinavyogawiwa.

Medali ni tofauti. Hiyo alitunukiwa yeye, na ni mali yake. Wapo waliotunukiwa wakiwa wamekwisha kufa, kwani Umoja wa Mataifa una medali ya Dag Hammarskjöld kwa ajili ya walinda amani waliofia kazini, na askari wetu waliouawa Semliki, mashariki mwa Kongo, tarehe 7 Desemba 2017 ni miongoni mwa waliolipa gharama hiyo. Medali haigawanyiki kwa thumni na sudusi. Kwa hiyo warithi na wakae, wathamini, kisha waridhiane nani aitunze, na isiwe lazima awe wa kiume. Mara nyingi binti aliyemuuguza baba ndiye mwenye kuijua historia ya kila utepe. Wakishindwa kuridhiana, wanaweza kuitoa kwa makumbusho ya umma ili iwe kumbukumbu ya wote.

Karatasi ndizo zenye thamani kuliko tunavyodhani, nazo ndizo huanza kutupwa. Cheti cha kumaliza utumishi, namba ya askari na barua za Jeshi ni ushahidi wa haki. Msimamizi wa mirathi atazihitaji anapofuatilia mafao. Katika vitabu vya historia husimuliwa kwamba Ujerumani Magharibi ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa askari wa zamani wa Kijerumani waliokuwa bado hai, mamia ya wazee walijitokeza Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa. Ikabidi wapewe ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, ili ijulikane nani alikuwa askari kweli. Mzee wako hatakuwepo kushika ufagio. Karatasi ndizo zitakazomsemea.

Hofu ya kituo cha polisi

Linabaki jambo moja ambalo kwa kweli ndilo huzifanya bunduki hizi zibaki darini: hofu. Mjane anajiuliza, nikienda kituoni na kusema nimekuta SMG kwenye sanduku la mume wangu, je, nitarudi nyumbani kulala? Hofu hii si upuuzi, na hatuwezi kuiondoa kwa kumkemea mwenye nayo.

Serikali imewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, kikiwemo kile cha Septemba na Oktoba 2023. Hilo ni jema na linastahiki shukrani. Lakini mauti hayangoji Septemba. Mzee akifariki mwezi wa Machi, warithi wake wanakuta bunduki mwezi wa Machi. Kwa hiyo tunaziomba mamlaka zetu kwamba mrithi anayekuja mwenyewe, kwa haraka, akiwa na mashahidi na cheti cha kifo, apokewe siku zote kwa upole uleule wa kipindi cha msamaha. Silaha moja iliyopokelewa kwa upole italeta kumi. Silaha moja iliyopokelewa kwa pingu itazifukia mia.

Nao maimamu wetu wana kazi hapa. Mjane asiachwe peke yake. Aanze kwa imamu na mwenyekiti wa mtaa, na hao wafuatane naye kutoa taarifa. Bunduki isiguswe, isifunguliwe kuangaliwa kama ina risasi, wala isifungwe kwenye gunia na kupakiwa kwenye baiskeli kuvushwa mjini. Watoto waondolewe chumbani, mlango ufungwe, na wenye ujuzi waje kuichukua. Pia msimamizi wa mirathi anapoorodhesha mali katika Mahakama ya Mwanzo, asiifiche. Ameapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kiapo hicho hakina chumba cha darini.

Na wazee wetu walio hai wasiwaachie watoto fumbo. Aliyekuwa na miaka 20 katika vita vya Kagera alizaliwa mwaka 1958, na umri huo ni wa kuandika wasia. Kama kuna kitu sandukuni kisicho chake, akirudishe angali hai. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba haimfai Muislamu mwenye jambo la kuusia alale nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa.

Kinachorithiwa kweli

Kigoma ina mfano wake mkubwa unaoelea majini. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915 na kuwekewa mzinga uliotoka katika manowari ya Königsberg. Mwaka 1916 mzinga ukawa umekwisha kuondolewa na Wajerumani wakaizamisha. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria na mizigo. Mwezi Mei 2015 meli hiyohiyo iliyoundwa kwa vita ndiyo iliyowavusha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Watu wa ziwa hili hawakurithi mzinga wake. Walirithi njia, na njia hiyo ikawafaa hata wageni wao.

Na iwe hivyo kwa wazee wetu. Bunduki irudi inakotakiwa kurudi, kila mrithi apate fungu lake, karatasi zihifadhiwe. Kisha wana na mabinti wakae na wajukuu wawasimulie babu alipigana wapi, nani alimbeba alipojeruhiwa, na kwa nini hakupenda kuzungumzia usiku fulani. Mtume (S.A.W) ametaja matatu yasiyokatika mtu anapokufa: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea mzazi wake. Silaha haimo katika hayo matatu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awasamehe walichokibeba kwa kujua na kwa kutojua, na atujaalie sisi tuwe warithi wanaorejesha amana kabla ya kudai fungu. Amin.

Wabillahi tawfiq.